Kumfundisha Mgonjwa ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyeumba maradhi na akaumba dawa yake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, maswahaba zake na kila anayefuata mwendo wao mpaka siku ya Kiyama.

Amma baad. 

Haya ni maneno niliyoyasema katika darsa yetu ya baada ya Alasiri hapa chuoni, na ndugu wa jarida wakaniomba niyaandike ili yawafikie na wale waliokuwa na vipindi au zamu. Mimi si sheikh. Ni mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa mwisho. Nitakayoyasema nayaelekeza kwanza kwenye nafsi yangu, kwa sababu aliyekosea ni mimi.

Mwaka uliopita nilikuwa katika mafunzo ya vitendo kwenye wodi ya wanaume, katika hospitali moja ya hapa Bujumbura. Alikuwepo mzee mmoja wa Buyenzi, fundi cherehani, mwenye kisukari cha miaka mingi. Alilazwa kwa sababu sukari yake ilipanda sana. Tulipompima miguu kwa ule uzi mgumu wa plastiki tukakuta haisikii: unamgusa chini ya kidole, naye macho ameyafumba, anangoja umguse. Mwenyewe alitueleza kwamba siku hizi anapokanyaga pedeli ya cherehani hajui kama mguu uko juu yake mpaka ainame aangalie.

Akapata nafuu, daktari akamruhusu. Ilikuwa Ijumaa, saa tano na nusu. Nilikuwa na wagonjwa wanne wa kuwaandaa kwenda nyumbani na nilitaka niwahi khutba. Nikamwambia: Mzee wangu, kila siku osha miguu kwa maji ya moto na sabuni, kausha vizuri, usitembee peku. Dawa zako ni hizi, tarehe ya kurudi ni hii. Umeelewa? Akasema: Nimeelewa, mwanangu, Allah akubariki. Nikaandika kwenye faili kwamba mgonjwa amepewa elimu. Nikawahi khutba, nikakaa safu ya pili.

Baada ya siku kumi na moja nilimkuta wodini tena. Nilisikia harufu kabla sijamwona. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, na tulipokifungua ngozi ya juu ilikuwa imetoka yote na vidole viwili vimekuwa vyeusi. Mjukuu wake akatusimulia. Asubuhi moja maji yalitolewa jikoni yakamiminwa kwenye beseni bila kuchanganywa na ya baridi. Babu akatia miguu, akakaa akisoma adhkari zake. Hakusikia kitu. Mtoto ndiye aliyeona ngozi imevimba malengelenge. Wakapaka dawa ya meno, wakangoja ikauke.

Mzee akanitazama akasema: Si wewe uliyeniambia maji ya moto, mwanangu? Wallahi hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba alifuata alichoambiwa.

Ndugu zangu, katika lugha yetu maji ya kumwogesha mtoto mchanga tunayaita ya moto, na maji ya kusongea ugali nayo tunayaita ya moto. Mimi nilikusudia ya uvuguvugu. Yeye alisikia nilichosema. Mguu wenye afya ungemwambia tofauti yake, lakini mguu wake ulikuwa umekwisha nyamaza siku nyingi, nami nilijua hivyo, kwa sababu uzi wa kupimia niliushika kwa mkono wangu mwenyewe. Madaktari walijitahidi. Siku ya nne mguu ukakatwa chini ya goti.

Walimuua

Usiku ule nilikumbuka hadithi niliyoisoma madrasa nikiwa mdogo, bila kujua kwamba siku moja itanihusu. Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (R.A.). Maswahaba walikuwa safarini, na mmoja wao akapigwa na jiwe akajeruhiwa kichwani. Kisha akapatwa na janaba akiwa usingizini. Akawauliza wenzake: Je, ninayo ruhusa ya kutayamamu? Wakamjibu kwamba hawaoni ruhusa kwake maadamu maji yapo. Akaoga, akafa.

Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) alighadhibika, akasema kwamba wale waliompa jibu ndio waliomuua. Kisha akauliza kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, kwani dawa ya kutojua ni kuuliza.

Tuitazame hadithi hii vizuri. Wale watu hawakuwa maadui wa yule bwana. Walikuwa ndugu zake, wachamungu, na walitaka swala yake isiharibike. Nia ilikuwa njema, maji yalikuwa safi, na mtu akafa. Mtume hakuwaambia kwamba ajali haina kinga, wala hakuwaambia kwamba maadamu nia yao ilikuwa nzuri basi hakuna neno. Kumwelekeza mgonjwa amekuhesabu kuwa ni sawa na kumgusa kwa mkono. Maelekezo yanaponya na maelekezo yanaua.

Na katika Suratul Israa, aya ya 36, Mola wetu anatukataza kufuata tusilolijua, na anatuonya kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Mimi niliandika kwenye faili kwamba mgonjwa amepewa elimu. Huo ni ushahidi, na niliuandika kwa kalamu yangu. Lakini je, nilishuhudia kwamba elimu imemfikia? Nilichoshuhudia ni midomo yangu tu ikitembea.

Mtume alifundishaje?

Wapo wanaodhani kwamba kumfundisha mgonjwa ni jambo lililoletwa na vitabu vya uuguzi vya Wazungu. Mimi nimekuta misingi yake katika Sunna. Nitataja mitatu.

Wa kwanza ni lugha. Katika Suratu Ibrahim, aya ya 4, Allah anatueleza kwamba hakumtuma Mtume yeyote ila kwa lugha ya watu wake, ili awabainishie. Angalia sababu iliyotajwa: ili awabainishie. Sisi hapa tunasoma kwa Kifaransa, tunaandika dawa kwa Kifaransa, kisha tunamkabidhi karatasi mama wa Buyenzi ambaye lugha yake ni Kiswahili, au mkulima aliyetoka mlimani ambaye lugha yake ni Kirundi peke yake. Kumsomea kwa sauti kubwa zaidi si kumfasiria. Na hata lugha ikiwa moja, neno linaweza kuwa na sura mbili, kama lilivyonipata la maji ya moto. Kwa hiyo usiseme neno tu, onyesha kitu chenyewe. Siku hizi nasema: Maji yawe kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, na si wewe utakayeyapima kwa mguu, mjukuu wako atie kiwiko chake kwanza.

Wa pili ni kurudia. Anas (R.A.) amesimulia, na Bukhari amepokea, kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa akisema neno alilirudia mara tatu mpaka lifahamike. Na Bi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba alizungumza kwa utaratibu, kiasi kwamba mtu angetaka kuyahesabu maneno yake angeyahesabu. Huyu ni mja aliyepewa maneno mafupi yenye maana nyingi, na bado alirudia. Mimi nilimpa mzee mambo matano kwa pumzi moja kwa sababu nilikuwa naangalia saa.

Wa tatu ndio ulionifanya nilie. Al-Baraa bin Azib (R.A.) alifundishwa na Mtume dua ya kulala. Hakuishia kusikiliza. Aliirudia mbele ya Mtume, na alipofika mahali pa kusema Nabii yeye akasema Rasuli. Mtume akamsahihisha: hapana, sema kama nilivyokufundisha. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Kosa la neno moja lilionekana kwa sababu mwanafunzi alitamka na mwalimu akasikiliza.

Lau ningemwambia yule mzee: Baba, hebu nielezee mimi, kesho asubuhi utaoshaje miguu? Angesema: Nitachemsha maji, nitayatia kwenye beseni. Ningemsahihisha pale pale. Ingechukua dakika mbili. Khutba ningeiwahi vile vile.

Ndugu zangu, neno "umeelewa?" halitufai kwa mgonjwa. Watu wetu wana adabu. Mzee hatamwambia kijana aliyevaa koti jeupe kwamba hakuelewa, maana anaona ni kumvunjia heshima, au anaona haya kuonekana hajui. Atasema ndiyo. Badala yake jibebeshe mzigo wewe mwenyewe: Mama, nataka kujua kama mimi nimeeleza vizuri, hebu niambie ukifika nyumbani utafanya nini.

Si kazi ya wauguzi peke yao

Labda wewe unasoma sheria au uchumi, na unasema maneno haya hayakuhusu. Hapana. Mgonjwa hukaa hospitali siku chache, kisha hurudi nyumbani, na wewe ndiye uliyesoma katika nyumba hiyo. Utaitwa usome kilichoandikwa kwenye boksi la dawa. Jirani atakuuliza. Basi yachukue haya machache, na usilolijua uliza kabla hujajibu.

Kisukari na miguu. Muislamu mwenye kisukari ana neema ambayo wengi hawana: huiosha miguu yake kwa ajili ya swala kila siku. Basi udhu uwe pia ni ukaguzi. Anapopitisha kidole kati ya vidole, aangalie pana mpasuko au unyevu. Aangalie na nyayo, kwa kioo au kwa macho ya mtoto wa nyumbani. Akimaliza akaushe kwa kitambaa, hasa katikati ya vidole, kwa sababu unyevu unaokaa pale huleta fangasi na ngozi kupasuka. Asitembee peku, hata uani. Akung'ute viatu kabla ya kuvivaa. Asiote moto kwa miguu. Kidonda hata kidogo, rangi ikibadilika au joto likizidi, ni hospitali siku hiyo hiyo, na dawa ya meno isipakwe.

Sukari kushuka. Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, sukari yake inaweza kushuka ghafla. Hutoka jasho, hutetemeka, husikia njaa, moyo humwenda mbio, kisha huanza kusema maneno yasiyoeleweka au kuwa mkali. Hapo ndipo watu husema amepandwa na shetani. Mimi sikatazi kusoma Qur'ani. Lakini kwanza, kama anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya sukari, ungoje dakika 15. Kama hajarudi sawa mpe tena, kisha ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu usimtie kitu chochote mdomoni: mlaze ubavu na umkimbize hospitali. Usomaji utaendelea njiani.

Na Ramadhani? Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, Mola amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na kwa asiyeweza kabisa wanavyuoni wameeleza fidia. Mwenye kisukari aende kwa daktari mwezi mmoja au miwili kabla, apangiwe upya dawa zake, na aambiwe wazi kama kufunga ni salama kwake. Anayefunga akipima sukari akakuta iko chini ya 70 au imepita 300 kwa kipimo cha miligramu, afungue hapo hapo, hata kama Magharibi imebaki nusu saa. Kupima damu kwa kutoboa kidole hakufunguzi. Tuwaambie wazee wetu kwamba anayeichukua ruhusa ya Mola wake hakushindwa na ibada. Ameifuata.

Presha. Maradhi haya mara nyingi hayaumi, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Mtu hunywa vidonge wiki tatu, akajisikia vizuri, akaacha. Mweleze hivi: umejisikia vizuri kwa sababu dawa inafanya kazi, ukiiacha presha inarudi, na kiharusi hakibishi hodi. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine kikabaki hivyo, kinahitaji daktari. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya samaki wa chumvi na vidonge vya kuungia mchuzi.

Kuhara. Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Tanganyika kipindupindu tunakijua. Kinachoua haraka ni maji na chumvi kutoka mwilini. Pakiti ya ORS ya lita moja itiwe yote katika lita moja kamili ya maji safi. Nimeona mama akiigawa pakiti kwa kukisia kwenye vikombe. Ikiwa kali inamdhuru mtoto, ikiwa nyepesi haimsaidii. Mpe chupa ya lita moja aione kwa macho. Kama hakuna pakiti: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Yakipita saa 24 yamwagwe. Mtoto aendelee kunyonya, na apewe zinki kwa siku 10 hadi 14 kama alivyoelekezwa. Mtoto asiyeweza kunywa, aliyelegea, macho yaliyoingia ndani, au kinyesi chenye damu, huyo hangoji asubuhi.

Malaria na kifua kikuu. Dawa ya mseto ya artemeta na lumefantrini ina dozi sita kwa siku tatu: ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Inywewe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Homa ikishuka siku ya pili, dozi bado haijaisha. Usimgawie ndugu yako vidonge vilivyobaki, kwa maana havikutakiwa kubaki. Na anayekohoa wiki mbili au zaidi akapimwe makohozi. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi sita, na mgonjwa husikia nafuu mapema sana. Wengi hupotelea hapo. Mkumbushe kwa mambo anayoyajua. Hapa kwetu, kati ya Alfajiri na Magharibi ni kiasi cha saa 13, kwa hiyo dawa nyingi za mara mbili kwa siku zinaweza kufungamanishwa na swala hizo mbili. Anayeswali hasahau.

Mgonjwa asiyeweza kugeuka. Huyu ndiye anayesahaulika zaidi. Ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Shuka linyooshwe lisiwe na mikunjo, akijichafua asafishwe na akaushwe mara moja. Angalieni visigino, nyonga na mahali pa chini ya kiuno. Pakiwa pekundu na wekundu usiondoke, msipasugue, mpunguzieni uzito pale. Akilishwa akae wima, tonge ndogo ndogo, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Pangeni zamu kama mnavyopanga zamu za kufuturisha.

Tunapokwenda kumzuru

Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenzake. Katika hadithi qudsi aliyoipokea Muslim, Allah (S.W.) atamwuliza mja siku ya Kiyama kwa nini hakumzuru alipougua, na mja atakaposhangaa, ataambiwa kwamba fulani aliugua, na lau angemzuru angemkuta Mola wake hapo kwake. Ndugu zangu, ikiwa hapo ndipo tunapokwenda, tunaingiaje?

Tuingie tumenawa mikono kwa sabuni, na tunawe tena tukitoka. Tusikae juu ya kitanda chake. Tusikae muda mrefu. Tusimsimulie habari za fulani aliyekufa kwa ugonjwa kama wake. Na jambo moja nalisema kwa mapenzi: mgonjwa wa kiharusi huenda hawezi kumeza sawasawa. Nimeona mgeni akimmiminia Zamzam mdomoni kwa nia ya baraka, mgonjwa akapaliwa, na siku ya tatu akawa na maji na maambukizo kifuani. Zamzam ni baraka. Mlowanishie midomo kwa kitambaa kisafi, na kabla ya kumpa chochote muulize muuguzi. Wale wenzake Jabir nao walikuwa na maji safi na nia njema.

Na asione mtu kwamba kazi hii ni ndogo. Siku ya Badri, Uthman bin Affan (R.A.) hakutoka na jeshi. Mkewe Ruqayya, binti wa Mtume, alikuwa mgonjwa, na Mtume akamwacha Madina amuuguze, akamwambia kwamba atapata ujira na fungu la mtu aliyehudhuria Badri. Bukhari ameipokea. Ruqayya (R.A.) alifariki katika maradhi yale, na ujira wa Uthman haukupunguzwa kwa sababu mgonjwa wake hakupona. Na Sa'd bin Mu'adh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Mtume aliamuru awekwe kwa Rufaida, mama aliyekuwa akitibu majeruhi. Dada zangu mnaosoma uuguzi, jina hilo ni lenu.

Aliyebaki na mguu mmoja

Nilikwenda kumwomba radhi yule mzee. Nilichelewa siku tatu kwa woga. Nikamweleza kila kitu: kwamba nilijua mguu hausikii, kwamba nilikuwa na haraka, kwamba neno nililolitumia halikutosha. Akanyamaza muda mrefu. Nilidhani ataniambia ni qadari, nami nikaondoka nimepumua. Hakusema hivyo. Alisema: Nimekusamehe, lakini usinisahau. Nimebaki na mguu mmoja, huu tuulinde. Haya nifundishe tena, polepole.

Nikakaa chini. Nikamweleza jambo moja, akanirudishia. Nikamweleza la pili, akanirudishia, akakosea, nikamsahihisha. Mjukuu wake akatia kiwiko kwenye beseni mbele yetu. Sasa hivi naandika haya, mguu wa kushoto ni mzima, alhamdulillah, na huo mmoja ndio unaokanyaga pedeli. Nimeshawahi kupeleka kanzu yangu kwake ipunguzwe.

Msamaha wake haukunirudishia ile Ijumaa. Ninauogopa bado ule mstari nilioandika kwenye faili, maana najua yupo Malaika aliyeandika wa kwake. Kilichobaki mikononi mwangu ni mgonjwa wa leo na wa kesho.

Basi ndugu yangu unayesoma, nakuomba jambo moja kabla ya Ijumaa ijayo. Nenda kwa mtu mmoja wa nyumbani kwenu anayetumia dawa kila siku. Usimpe mawaidha. Mwambie: Mama, au Babu, hebu nionyeshe dawa zako, niambie kila moja unainywaje. Kisha nyamaza usikilize. Ukikuta kosa, na ukilijua sawasawa lililo sahihi, msahihishe kwa upole kama Mtume alivyomsahihisha Al-Baraa. Usipolijua, mshike mkono mwende mkaulize.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu walio hospitali na walio majumbani. Wape subira wanaowauguza usiku watu wakiwa wamelala. Tusamehe tulipojibu tusilolijua na tulipoharakisha pasipostahili haraka. Ziponye ndimi zetu kabla ya mikono yetu, na usitufanye sababu ya kuumia kwa mja wako yeyote. Warehemu waliotutangulia. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.